Unaniuliza bei ya mashine, mimi nakujibu habari za friji

Juzi kijana anayemaliza UDOM kaniandikia: "Kaka, mashine ya kusoma vinasaba vya virusi inauzwaje? Nataka kufungua kampuni kama yako hapahapa Dodoma." Nikacheka, halafu nikakosa raha. Swali hilohilo ndilo lililonifilisi.

Mashine si tatizo, mdogo wangu. MinION, kimashine kidogo cha kusoma vinasaba, ni nyepesi, unaichomeka kwenye laptopu kama flashi. Mwaka 2015 watafiti waliibeba kwenye masanduku ya safari hadi Guinea wakasoma Ebola hukohuko, nami niliposoma habari ile nikajiona nimeshafika. Kiu nilikuwa nayo tangu utotoni. Homa ya Bonde la Ufa ilipopiga Dodoma 2007, ng'ombe wa baba mdogo walitupa mimba mmoja baada ya mwingine, na bucha la mtaani kwetu likabaki na inzi tu.

Basi, nikakopa. Chipu za kusomea zilikwama Dar siku 11. Nikazifuata kwa basi, treni ya umeme ilikuwa bado, nikarudi nimelipakata boksi kama mtoto mgonjwa. Nafika Kizota usiku, umeme umekatika. Uliporudi nikazisukuma zote kwenye friza, maana kichwani mwangu baridi zaidi ndiyo usalama zaidi. Chipu zile zinataka nyuzi 2 hadi 8. Zikiganda, zimekufa. Maelezo yalikuwa yamebandikwa ubavuni mwa boksi.

Asubuhi mteja wangu wa kwanza, mzee wa Kibaigwa aliyekuwa akipoteza nguruwe, kakaa kwenye benchi, kofia magotini. Nikaiambia mashine ihesabu matundu hai ya chipu, yale yanayosoma vinasaba. Chipu mpya inatakiwa kufika na 800 au zaidi. Skrini ikaandika 37. Nikabadilisha: 12. Ya tatu sisemi.

"Imeanza?" mzee akauliza.

"Inapasha moto," nikajibu. Uongo mtupu.

Mshirika wangu aliondoka wiki ileile. Siku hizi anaalikwa kwenye makongamano kuhadithia alichojifunza kutokana na kushindwa. Kushindwa kwangu!

Kwa hiyo sikiliza. Friji kwanza, na inveta, na kipimajoto kinachotunza kumbukumbu usiku ukiwa umelala. Vibali navyo anza navyo mapema: sampuli za binadamu usiziguse kabla ya kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati mtu, lakini inasafiri na buti zako. Ukitoka bandani zisafishe, zipige dawa, ndipo uingie kwa jirani. Na friji, nimeshasema? Vijana mnapenda kupiga picha na mashine. Hakuna anayepiga picha na friji, ndiyo maana mnaanguka.

Friji yangu leo ina karatasi kwenye mlango wa juu, wa friza: BARAFU ZA BOKSI TU. Mwaka jana mzee wa Kibaigwa alirudi na sampuli nyingine. Mashine hakuitazama hata kidogo. Kabla hajakaa akauliza, "Umeme upo?"