Matengenezo au matunzo? Swali la kijana wa seva

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye seva za ofisi moja hapa Mbeya, data zetu zimegawanywa kwenye mashine tano. Juzi nikabandika tangazo 'kutakuwa na matengenezo ya mfumo wa faili', simu hazikukoma, kila mtu anauliza kazi zake zimepotea? Nimekosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kisarufi hujakosea kitu. Tengeneza imetokana na tengenea, yaani kuwa katika hali nzuri, kwahiyo hata kitu kizima kinatengenezwa, mbona dada zetu wanatengeneza nywele na hazijaharibika. Shida ni masikio yetu siku hizi, mtu wa Mbeya akisikia matengenezo anaona foleni ya malori Iwambi au umeme unakatwa toka asubuhi.

Alafu neno moja umelibebesha kazi tatu. Mfumo wa kuhifadhi data kwenye mashine nyingi kama Ceph kwa kawaida unaweka nakala 3 za kila data, na usipogusa mipangilio unazilinganisha wenyewe, kijuujuu kila siku na kwa kina kila wiki, maana diski inaweza kuharibu data kimyakimya na msijue mpaka siku mnaihitaji. Huo ni ukaguzi. Mama wa viazi Uyole anachambua magunia yake stoo sio kwamba vimeoza, anachambua ili kimoja kisije kikaozesha vingine. Najua nyie wenyewe mnasema kuskrabu, ila kwenye tangazo acha, watu watadhani mnaenda saluni.

Ikikutwa nakala mbovu ikaandikwa upya kutoka kwenye nzima, hapo ndo ukarabati.

Na kutuni, yaani kuuweka mfumo ufanye kazi vizuri zaidi? Neno hilo wapiga gitaa wanalo siku nyingi na mi silikatai, ila unachofanya wewe ni mfano kusogeza ukaguzi uwe usiku ili mchana watu wasikwame, basi sema kurekebisha mipangilio. Zote tatu kwa ujumla ziite matunzo. Hata sevisi ningekupitishia, gari zima linapelekwa sevisi pale Mwanjelwa na hakuna anayelia.

Faili sema hili, mafaili haya. Tangazo ningeliandika hivi: "Jumamosi usiku tutafanya ukaguzi wa kawaida wa hifadhi ya data. Mafaili yenu ni mazima, ila yanaweza kuchelewa kidogo kufunguka."