Anza na domeni moja tu

Ndugu, umeuliza kama ununue domeni kumi, yaani majina kumi ya tovuti, kwa mpigo halafu uone itakuwaje. Usifanye hivyo. Domeni huinunui ikawa yako milele, unaikodi kwa mwaka, na ya .com huwezi kuilipia zaidi ya miaka 10 kwa pamoja. Zikikaa kumi bila kazi, kila mwaka unalipia kumi. Tena bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo, kwa hiyo tazama kwanza bei ya kuhuisha, yaani ya kuilipia tena mwaka unaofuata.

Jina liwe fupi, lisiwe na vistari wala tarakimu. Mtajie mtu kwa simu. Akiliandika sawasawa bila kukuuliza, linafaa. Ila usiguse jina la biashara ya mtu. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, lina utaratibu unaomwezesha mwenye alama ya biashara kukunyang'anya domeni, na pesa yako hairudi.

Nunua kwa msajili, yaani kampuni inayouza domeni, aliyeidhinishwa na ICANN, na hili nasisitiza sana: akaunti na baruapepe ya usajili ziwe zako mwenyewe, si za fundi anayekutengenezea tovuti. Mkikosana, au akipotea, jina linakwenda naye.

Kisha jenga tovuti ya jina hilo mapema. Kurasa tano zinazojibu maswali ya kweli kuhusu jambo unalolijua zinatosha kuanzia. Ukishaona watu wanaingia na kurudi, hapo ndipo ufikirie domeni ya pili.