Kijito cha mjini hupimwa kwa dakika, si kwa siku

Mhandisi kijana akiniletea hesabu za kalavati hapa Dar es Salaam, huanza kwa kumuuliza: mvua uliyotumia ni ya muda gani? Wengi huleta ya siku nzima. Tarehe 21 Desemba 2011, mafuriko yalipolikumba Bonde la Msimbazi, ilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku. Zigawe kwa saa 24, unapata kama 6 kwa saa. Hiyo ni mvua ya kawaida, na mvua ya kawaida haibomoi nyumba.

Kijito cha mtaani huweza kufurika ndani ya dakika 20 au 30, yaani muda wa maji kutoka kona ya mbali kabisa ya eneo hadi kwenye kalavati. Tafuta ukali wa mvua ya dakika hizo, kisha zidisha: 0.278 (ya kubadilisha vipimo), kigezo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi), milimita kwa saa, na kilomita za mraba. Eneo la 0.6, mvua ya 80 na kigezo cha 0.5 vinakupa maji ya meta za ujazo 6.7 kwa sekunde kwenye kalavati. Mtaa ukijaa mabati na zege, kigezo kikafika 0.8, ni 10.7. Tena juu ya zege maji hukimbia, muda unafupika, na mvua ya muda mfupi ndiyo kali zaidi. Kwa hiyo kadiria mtaa utakavyojengwa, si ulivyo leo. Kanuni hii ni ya maeneo madogo. Usiipeleke kwenye mto Msimbazi wenyewe.

Halafu shuka bondeni na futi kamba. Mwenye genge kando ya mto anajua kuliko kompyuta yako: "Shikamoo mama, masika yaliyopita maji yalifika wapi?" Atakuonyesha mstari wa tope ukutani. Angalia na mifuko ya plastiki iliyonasa matawini. Ila alama zilizo nyuma ya kalavati lililoziba taka zitakudanganya, maji yalikuwa yamesimama pale. Sogea juu zaidi. Pima upana, kina na mteremko, tumia kanuni ya Manning, inayokadiria kutokana na vipimo hivyo na ukwaruzo wa mkondo ni maji kiasi gani yalipita. Ukuta ukisema meta za ujazo 12 kwa sekunde na hesabu ya mvua ikasema 7, mimi huuamini ukuta kwanza, kisha narudi kukagua kigezo na mipaka ya eneo.

Na mwenye nyumba akiambiwa "mafuriko ya miaka 25", mfafanulie: uwezekano wa kutokea ni asilimia 4 kila mwaka. Akikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 70.