Taa za Canter hazioni mbali: rilei zitasaidia?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Canter ya volti 24, nabeba viazi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam, na safari nyingi ni za usiku. Taa kubwa zinatoa mwanga wa njano uliofifia, dimu (mwanga wa karibu) ndiyo mbaya zaidi. Kushuka Kitonga kukiwa na ukungu ni kubahatisha. Nimebadilisha globu, hakuna tofauti. Nikaweka za wati 100, soketi ikaanza kunuka na kuyeyuka. Jamaa wa gereji anasema dawa ni rilei, na anazo mbili alizozitoa kwenye gari dogo. Je, ni kweli rilei zinaongeza mwanga? Na hizo zake zitafaa?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nianze na hizo rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) za gari dogo, usije ukazifunga jioni hii. Hazifai. Koili yake (waya uliozungushwa unaovuta swichi ya ndani) ni ya volti 12. Ukiipa 24 mkondo unakuwa maradufu na joto linafika mara nne, itaungua tu. Na mtu asikushauri uchukue volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo itakuwa inamalizwa peke yake huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili utazitupa kabla ya wakati. Nunua rilei zilizoandikwa 24V. Ukikuta ya umbo lilelile inabeba ampea 40 kwenye volti 12 lakini 20 tu kwenye volti 24, usidhani umepunjwa: cheche ya volti 24 ni ngumu kuzimika platini (vyuma vinavyogusana ndani ya swichi) zinapoachana.

Sasa swali lenyewe. Rilei haiongezi mwanga. Inachofanya ni kuiondolea swichi ya usukani mzigo wa globu, ili umeme utoke betri uende taa kwa njia fupi na nene. Gari likizeeka, waya mwembamba, soketi zenye kutu na platini za swichi zilizochakaa kila kimoja hula volti kidogo. Globu ya halojeni haivumilii hilo: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Ndiyo maana globu mpya haikukusaidia. Na ile ya wati 100 ilivuta mkondo mkubwa zaidi kupitia njia ileile iliyochoka, soketi ikapata moto. Zitoe hizo. Globu ya H4 (yenye fulu na dimu ndani yake) ya kawaida ya volti 24, wati 75 fulu (mwanga wa mbali) na 70 dimu, inatosha kabisa ikipata volti zake.

Kabla ya kununua chochote, pima. Washa injini, washa dimu, acha soketi zikiwa zimechomekwa kwenye globu. Ukipima soketi iliyochomolewa utasoma volti kamili na utadanganyika, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Soma volti za betri: injini ikizunguka vizuri zinatakiwa ziwe kati ya 27 na 28.5 hivi. Kisha ingiza ncha za mita nyuma ya soketi ya taa. Tofauti ikiwa chini ya volti moja, tatizo lako ni vioo vya ndani vilivyopoteza mng'aro au kava lililopauka, na rilei hazitakusaidia kitu. Ikiwa volti tatu au nne, endelea kusoma.

Kipimo kinachofuata mafundi wengi hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye mguu wa hasi wa globu na nyingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwaka. (Swichi yako ikiwa inakata upande wa hasi, pima kutoka chuma cha kebini.) Kumbuka kebini ya Canter imekaa juu ya raba. Umeme hauwezi kurudi kwenye chesisi kupitia raba. Unategemea waya wa bodi unaounganisha kebini na chesisi. Waya huo ukiwa umeoza au boliti yake imeshika kutu, umeme unatafuta njia za panya, mara kupitia kebo ya gia, mara bawaba za kebini. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hapo, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, weka waya mpya mnene, kaza, paka grisi. Nimeona gari nyingi zikimaliza tatizo hapohapo bila rilei hata moja.

Kama upande wa chanya ndio unaokula volti, funga rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Kutoka betri vuta waya wa milimita za mraba 4, na fyuzi ya ampea 20 iwe jirani na betri, sentimita 30 zisizidi. Waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachoukinga, na gari huungua hivyohivyo. Waya huo unaingia mguu wa 30 wa rilei zote mbili. Mguu wa 87 unatoa umeme kwenda globu kwa waya wa 2.5, na hapo napenda kutenganisha kulia na kushoto, kila upande na fyuzi yake ya 7.5. Fyuzi moja ikikatika mlimani, bado una taa ya pili.

Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, na inaamriwa na soketi ya zamani ya upande mmoja. Magari mengi ya Kijapani ya zamani swichi inakata hasi, si chanya, kwa hiyo usikisie. Chomoa soketi zote mbili (ukiacha globu moja itarudisha umeme na kukuchanganya), kisha tafuta mguu unaoshirikiwa na dimu na fulu. Koili ya kwanza ifunge kati ya mguu huo na wa dimu, ya pili kati ya mguu huo na wa fulu. Swichi ikate chanya au hasi, itafanya kazi. Rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndiyo pekee inayojali upande. Taa ya bluu ya dashibodi inayoonyesha fulu ikififia baada ya hapo, kwenye baadhi ya gari ilikuwa inapata njia kupitia globu. Ivutie waya wake yenyewe.

Soketi mpya ziwe za kauri. Rilei zifungwe miguu ikitazama chini, maji yasituame. Na kabla hujabana waya wa mwisho, inua kebini mpaka juu: waya usipokuwa na nafasi ya kutosha kwenye bawaba, utakatika siku ya kwanza unapopima oili.

Ukimaliza, pima tena. Betri ikionyesha zaidi ya 29, tengeneza regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) kwanza, la sivyo globu zitaungua mfululizo kwa kuwa sasa zinapata kila kinachotoka kwenye alteneta. Halafu rekebisha mwelekeo wa taa gari likiwa na mzigo, maana viazi vikikalia ekseli ya nyuma pua inanyanyuka. Ukutani, mita 10 mbele, ukingo wa juu wa dimu uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 au kidogo zaidi.