Mkeka uliniumbua

Wiki iliyopita dada mmoja wa Muheza kaniandikia. Ana miaka 56, sukari imeanza kupanda, na daktari kamwambia afanye mazoezi. Anauliza: "Bi Mwalimu, kwa umri wetu huu kukimbia si kujitafutia kifo? Mbona mama yangu kafika miaka 90 na hajavaa raba hata siku moja?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hayo ya mama na raba niliyasema mimi, tena kwa kiburi, mpaka siku mkeka uliponiumbua.

Ilikuwa mwaka 2022, msibani kwa jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga. Wanawake tulikaa chini ndani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, tangu saa tatu asubuhi. Ilipokaribia adhuhuri maiti ikatolewa, na wanawake wote wakainuka. Mimi nikabaki. Niliweka mkono wa kulia sakafuni nikasukuma, goti likalia ko! Nikajigeuza nikapiga magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa, nikatafuta cha kushika. Karibu yangu palikuwa na pazia. Nikalivuta, likaja lote pamoja na fimbo yake, likamwangukia mama mzima wa watu kichwani.

Wakaja mabinti wawili, mmoja nimemfundisha darasa la tatu. "Shikamoo Mwalimu, ngoja tukunyanyue." Huyu kwapa hili, yule kwapa lile, nikapandishwa kama gunia la chumvi. Na kule nyuma, katikati ya vilio, nikaisikia sauti ya wifi yangu ikimnong'oneza mwenzake: "Mwalimu kaisha." Hakujua kwamba nasikia. Au alijua.

Nilikuwa na miaka 59. Sikuwa ajuza. Sikuwahi kupata ajali wala kiharusi. Presha nilikuwa nayo, kilo nilikuwa nazo 91, lakini nilijihesabu mzima kwa sababu nilikuwa naenda kazini kila siku. Na hapa kuna kichekesho ambacho kwa muda mrefu sikutaka kukiona. Miaka 35 ya ualimu nimewakimbiza watoto mchakamchaka alfajiri, wao wakizunguka kiwanja na kuimba, mimi nimesimama chini ya mwembe na fimbo mkononi. Nimefundisha mazoezi bila kuyafanya. Hilo zoezi la kusimama chini ya mwembe ndilo nililolifanya kwa ukamilifu.

Lakini kilichoniuma zaidi ya msiba ule ni kiti. Nilikuwa nimeshaanza kuswali juu ya kiti. Asiyeweza dini imemruhusu, na simsemi mtu mwenye maradhi. Mimi nilikuwa siwezi kwa sababu gani? Nililala usiku ule nikijiuliza swali hilo na sikupata jibu zaidi ya uvivu uliojifunika shuka la umri.

Basi nikastaafu mwaka 2023, nikapata muda (mafao ni hadithi nyingine, kikokotoo cha pensheni kisituharibie siku), nikaamua nitakimbia. Nikanunua raba za mtumba, nzuri kabisa, nikajiunga na kikundi cha jogging kinachoanzia Mkwakwani kila Jumapili. Jumapili ya kwanza tulitembea na kuimba, nikarudi nimechangamka. Jumapili ya pili tukaenda Raskazone na kurudi. Waliokuwa mbele ni vijana niliowafundisha kusoma, na mimi sikukubali kuachwa na watoto ambao nimewafuta kamasi. Upepo wa bahari unavuma, filimbi zinalia, watu wa barabarani wanapiga makofi, "Bibi twende! Bibi twende!" Nikaenda. Usiku goti likavimba likawa kama dafu.

Hospitali niliyokwenda siitaji. Daktari alikuwa akiandika tangu nilipoingia. Hakuligusa goti. Alinitazama mara moja, akatazama umri kwenye kadi, akasema: "Mama, umri umekwenda. Pumzika, usipande ngazi, usiiname." Akaniandikia vidonge vya maumivu. Nikatii kama mwanafunzi mzuri. Miezi minne nikapumzika kwenye sofa, chai ya sukari vijiko vinne mkononi. Nilipoinuka pale, hata kitanda nilikiona kirefu kukipanda.

Na kikundi? Nilishatoa shilingi 15,000 za fulana. Siku ya kugawa nikaambiwa saizi yangu haikuja. Picha ikapigwa wote wamevaa njano, mimi sipo. Mwaka wa pili sasa, saizi bado inakuja. Najua ni jambo dogo. Sijalisahau.

Aliyeniokoa ni binti wa mazoezi tiba, mdogo, hata kiduku kakata, ambaye mjukuu wangu alinipeleka kwake kwa kunidanganya kwamba tunakwenda kununua samaki. Hakuniuliza umri. Alivuta kiti kigumu kisicho na mikono, akakiegemeza ukutani kisiteleze, akaniambia nikunje mikono kifuani, niinuke mpaka nisimame wima kisha nikae, na nirudie hivyo kwa sekunde 30. Akashika simu, akahesabu. Nilifika 7.

"Mama," akasema, "kwa mwanamke wa miaka 60 mpaka 64, chini ya 12 ni chini ya wastani. Kwa mwanaume chini ya 14."

Mimi ni mwalimu. Najua alama ya kufeli nikiiona.

Kisha akafanya jambo ambalo daktari hakulifanya. Aliweka kiganja juu ya paja langu, akanibonyeza, akaniambia nikaze. Palikaza kidogo tu, kama unga uliotiwa maji mengi. Akasema goti langu halina makosa makubwa, limeachiwa mzigo peke yake. Akanieleza kwamba misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini na kitu, polepole hata mtu asijue, na ukishapita 60 mwendo unaongezeka. Kwa sisi wanawake, hedhi ikikoma na mifupa nayo inapoteza uimara haraka. Ukikaa tu, unapungua. Ukikimbia bila kujenga nguvu, unalipa gotini. Sofa na Raskazone, vyote viwili vilikuwa vimenikosea.

Kwa hiyo dada wa Muheza, jibu langu kwanza ni hili: usianze kukimbia. Anza kuinuka kwenye kiti.

Mimi nilianza mara 5 asubuhi na 5 jioni. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nasukuma meza kwa mkono, siwafichi. Pumzi usiibane unapoinuka, itoe, hasa wenye presha. Nikikamata karo la jikoni napanda kwa vidole vya miguu nashuka, mara 10. Ukuta nausukuma kwa mikono yote miwili kama nautuma uondoke. Napiga mswaki nimesimama kwa mguu mmoja, kushoto kwa meno ya juu, kulia kwa meno ya chini, mkono mmoja tayari kushika sinki. Madumu mawili ya lita 5 nayabeba ukumbini kwenda na kurudi. Basi. Hakuna mashine, hakuna ada, hakuna fulana ya njano.

Na kutembea. Dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si wa kuimba. Hapo unapata zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kila siku redioni. Ila redio huishia hapo. Mwongozo wenyewe unasema kutoka dakika 150 mpaka 300, na unaongeza mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa waliofika 65 mazoezi ya kujimudu wasianguke siku tatu. Wengi wetu tunaijua nusu ya kwanza tu, ndiyo maana mjini hapa unamwona mzee anatembea kila alfajiri, lakini akikaa kwenye kigoda anaita mtu amwinue.

Wewe mwenye sukari, kwako kuna la ziada. Tembea dakika 10 au 15 baada ya kula, hata uani. Misuli inapofanya kazi inachukua sukari kwenye damu. Kama unatumia sindano za insulini uwe na tende au pipi mfukoni, sukari inaweza kushuka ghafla, na umwambie anayekutibu kwamba umeanza mazoezi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha hapo hapo uende hospitali. Usione haya.

Sasa nije kwa mama yako aliyefika 90 bila raba.

Nimekaa siku nzima nikimkumbuka marehemu mama yangu na kuhesabu mara ngapi alikwenda chini na kuinuka. Alikuna nazi juu ya mbuzi, na mbuzi unaujua, magoti yako yanakuja kidevuni. Jiko la mkaa liko chini, anachochea, anainuka kufuata chumvi, anarudi. Mchele anaupepeta kwenye ungo kakaa chini. Maji anachota kisimani, anajitwika mwenyewe. Chooni anachuchumaa. Swala tano, sijda zote sakafuni. Jioni anakaa mkekani anasuka ukili, mgeni akija anainuka kumkaribisha. Nilifika arobaini na kitu na adhuhuri haijaadhiniwa. Mama hakuvaa raba, kweli. Alikuwa anafanya zoezi la yule binti siku nzima, na hakuna aliyemhesabia.

Sisi je? Gesi iko juu ya meza. Nazi inasagwa na blenda, au unanunua tui la pakiti. Choo cha kukaa. Sofa linalokumeza. Dukani hatua mia mbili tunapanda bodaboda. Tumehama sakafuni, wenzangu, kisha tunashangaa sakafu haitutambui. Tena wengine mnahama kwa fahari, mnaona kukaa chini ni umaskini! Wanenu wanawanunulia masofa, mnapiga picha, mnatuma. Lile sofa linakula mapaja yako taratibu na wewe unalipigia vigelegele.

Mimi nimerudisha mbuzi jikoni. Wajukuu wanacheka, blenda ipo pale inanitazama. Chai ya jioni nanywa mkekani. Rimoti naiweka mbali, kila nikiitaka niinuke. Na chakula nimebadili kidogo: ubwabwa upo, mimi ni mtu wa Tanga siwezi kudanganya, ila kila mlo lazima pawepo dagaa, samaki, kunde, maharage au yai. Misuli haijengwi kwa wanga. Sukari kwenye chai imeshuka kutoka vijiko vinne mpaka kimoja, na hicho kimoja nakipigania.

Mnataka kujua matokeo. Kilo zimeshuka sita tu, msitegemee miujiza. Presha ilikuwa 160 kwa 100, mwezi huu imesoma 138 kwa 84, na vidonge bado nameza. Atakayekuambia mazoezi yamemtupisha dawa zote, muulize anauza nini. Goti linauma siku za mvua. Lakini kwenye kiti sasa nafika 16, na nina miaka 62. Ramadhani iliyopita, usiku wa tatu, nilikisukuma kiti kando nikaenda sijda kwa paji la uso langu mwenyewe, zulia likinukia vumbi na udi. Nilikaa pale chini zaidi ya wengine. Aliyekuwa kando yangu alidhani nimezidiwa, akanigusa bega.

Na mwezi uliopita, arusini, nilikaa mkekani na kitukuu cha dada yangu kimelala begani. Bwana harusi akaingia, vigelegele, watu wakainuka. Nikaweka mguu mmoja mbele, nikainuka na mtoto begani wala hakuamka. Niligeuka kutazama nani ananiona. Nakiri niligeuka.

Wifi yangu alikuwepo.

Juzi jioni kaja nyumbani, ati anapita tu. Akakataa mkeka, akaomba kiti. Tukaongea habari za mihogo, za mvua, za nani kamwoa nani. Chai ikapoa. Mwishowe akatazama pembeni akasema, "Wifi, hicho kiti chako cha kuhesabia kiko wapi?"

Nikakivuta, nikakiegemeza ukutani. Nikamwambia akunje mikono kifuani. Nikafungua saa ya simu. Moja, mbili, tatu alikwenda vizuri. Ya nne akakunja uso. Ya tano akaachia mkono mmoja ukashika meza, nikamwambia rudisha, akarudisha. Sekunde zikaisha yuko nusu ya kuinuka.

"Nimefika ngapi?"

"Tano."

Akatweta, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Andika sita, hiyo ya mwisho nilishanyanyuka."

Nimemwandikia tano. Jumamosi anarudi.