Maswali ya Gereji: Oili ya Pawa Stelingi

SWALI: Nina Toyota Corolla 110. Nikikata kona au nikipaki, usukani unaunguruma, na oili ya pawa stelingi imekuwa nyeusi. Gereji wanasema watanyonya iliyomo kwenye chombo na kujaza mpya. Naweza kuifanya kazi hii nyumbani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaweza, tena vizuri kuliko wanavyokuahidi. Chombo hubeba sehemu ndogo tu ya oili. Nyingine imo kwenye pampu, mabomba na reki (mtambo unaogeuza tairi za mbele). Ukibadilisha ya chomboni peke yake, ukigeuza usukani mara chache tu inachanganyika na ile nyeusi.

Nunua lita mbili za ATF (oili ya gia za otomatiki, inayotumika pia kwenye pawa stelingi) aina ya Dexron II au III. Mfumo unachukua karibu lita moja, iliyobaki ni ya kusukumia uchafu. Tafuta pia sirinji kubwa, plaizi, chupa tupu na mtu wa kukusaidia. Inua tairi za mbele, gari likae juu ya stendi na si jeki peke yake, kisha weka mawe nyuma ya tairi za nyuma.

Nyonya oili ya chomboni. Utaona hozi mbili: nene inapeleka oili kwenye pampu, hiyo usiiguse. Nyembamba ndiyo inayorudisha. Legeza klipu yake, ichomoe, ziba tundu lililobaki kwenye chombo, na hozi uiingize kwenye chupa. Chombo kikiwa kitupu angalia wavu wa chini, kama upo. Wavu huo ukiwa umeziba, pampu italalamika hata kwa oili mpya kabisa.

Sasa jaza oili mpya. Weka funguo kwenye ACC ili usukani usijifunge, injini ikiwa imezimwa. Msaidizi azungushe usukani taratibu mpaka mwisho wa kulia, kisha mwisho wa kushoto. Nyeusi itamwagikia kwenye chupa; wewe kazi yako ni kuongeza chombo kisikauke, mpaka itoke nyekundu safi.

Wapo wanaowasha injini ili wamalize haraka. Hatushauri. Chombo hukauka kwa sekunde chache, na pampu inalainishwa na oili hiyohiyo. Ikizunguka kavu inajikwaruza ndani, na hapo utanunua pampu.

Rudisha hozi, jaza mpaka alama ya COLD, kisha zungusha usukani tena mara kama ishirini bila injini ili upepo utoke. Ndipo uwashe na kurudia ikiwa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Ukifika mwisho usishikilie zaidi ya sekunde mbili tatu: presha inapanda mpaka valvu inafunguka, na oili inachemka. Ukiona povu au rangi ya waridi yenye maziwa, upepo bado umo. Zima, acha saa nzima, rudia.

Kelele ikibaki, isikilize vizuri. Mlio mkali wa kukatika-katika unapogeuza usukani mara nyingi ni mkanda uliolegea. Na kama oili inapungua, kagua mabomba na mipira ya reki. Oili mpya haizibi uvujaji.

SWALI: Kijana wa gereji amejaza oili ya breki kwenye pawa stelingi. Nimeendesha kidogo tu. Ina madhara?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ina madhara, na kadiri unavyoendesha ndivyo yanavyozidi. Oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 hailingani na mipira ya sili za pawa stelingi: huvimba, hulainika, kisha reki na pampu zinaanza kuvuja. Usiwashe tena gari. Fanya kazi tuliyoeleza hapo juu, ila andaa lita tatu, na baada ya siku chache za kuendesha urudie. Kama sili zimeshavimba, kusafisha hakutazirudisha. Utahitaji seti ya sili mpya.

SWALI: Gari langu ni Vitz. Nimetafuta chombo cha oili ya usukani, sikioni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakipo. Vitz, kama Passo na IST, usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Ukiwa mzito, anza na betri, fyuzi na taa ya onyo kwenye dashibodi. Anayetaka kukuuzia oili yake, mwombe akuonyeshe atakapoimimina.