Maswali na majibu: saratani ya mfupa na matibabu yake

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14. Wiki ya sita sasa analalamika maumivu juu kidogo ya goti la kulia. Aliumia akicheza mpira, na watu wananiambia ni maumivu ya kukua tu. Nisubiri?

Usisubiri, mama. Maumivu ya kukua hushika miguu yote miwili, huja jioni au usiku, na asubuhi mtoto huamka mzima. Ya mwanao yako mguu mmoja, mahali pale pale, na hayaishi. Akapigwe eksirei ya goti na paja, picha ya mbele na ya ubavuni. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, hutokea hasa kuzunguka goti.

Nyumbani, mlaze chali miguu ikiwa imenyooka, kisha pima kwa utepe mzunguko wa kila paja, sentimita 5 juu ya pia ya goti. Mguu mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine, kukiwa na uvimbe mgumu usiosogea, au maumivu yakimwamsha usiku, mweleze daktari yote hayo. Picha ikionekana safi na maumivu yakaendelea, omba MRI, yaani picha ya sumaku, kwa maana eksirei huweza kukosa uvimbe ambao ndio kwanza unaanza.

Kama ni saratani, mpira haukuileta. Kuumia humfanya mtu apatazame mahali ambapo tayari pana tatizo, na miezi hupotea msuli ukitibiwa. Asichuliwe wala asicheze hadi picha isomwe: mfupa uliodhoofishwa na uvimbe huweza kuvunjika kwa kujikwaa tu.

Eksirei imeonyesha uvimbe kwenye mfupa wa mguu. Daktari wa karibu anataka kupasua kesho achukue kinyama cha kupeleka maabara. Nikubali?

Kataa kwa heshima, uombe rufaa. Hili ndilo jibu tunalotamani limfikie kila mgonjwa, maana kosa la hapa huweza kugharimu mguu ambao ungeokolewa.

Kinyama huchukuliwa mwisho, baada ya picha. Kwanza MRI ya mfupa mzima, kiungo cha juu yake na cha chini yake vikiwemo. Ukipasuliwa kabla, damu na uvimbe wa kidonda huchafua picha, na mpaka halisi wa saratani haujulikani tena. CT ya kifua, picha ya kompyuta inayotumia eksirei, nayo inahitajika, kwa kuwa mapafu ndiko saratani hizi hukimbilia zaidi.

Kisha kinyama kichukuliwe na timu ile ile itakayofanya upasuaji mkubwa, au kwa maelekezo yake. Sababu ni kwamba kila mahali sindano inapopita, seli za saratani huweza kubaki, kwa hiyo njia hiyo itaondolewa pamoja na uvimbe. Mara nyingi sindano nene ya kinyama inatosha bila kupasua. Ikilazimu kupasua, mkato ufuate urefu wa mguu, uwe mfupi, wala usipite ndani ya kiungo. Mkato wa kukingama hulazimisha kuondoa ngozi na misuli mingi mno, na hapo ndipo kukata mguu kunapokuwa njia pekee iliyobaki.

Omba pia sehemu ya kinyama ioteshwe kuangalia vijidudu. Sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mfupa, huweza kuleta homa, na majimaji yake hufanana na usaha, hivyo wapo wanaotibiwa maambukizi ya mfupa kwa muda mrefu bure. Majibu yakichukua wiki moja au mbili usishangae. Sampuli ya mfupa hulainishwa kwanza ndipo ikatwe na kusomwa.

Kwa nini dada yangu mwenye osteosakoma anapewa kemo (dawa za kuua seli za saratani) kwanza badala ya kuondolewa uvimbe haraka?

Kwa sababu kwa wagonjwa wengi, seli zisizoonekana kwenye picha huwa zimeshasafiri kabla ugonjwa haujagunduliwa. Kabla ya kemo kuanza kutumika katika miaka ya 1970, waliokatwa mguu tu wakapona walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengine ugonjwa uliibukia mapafuni. Leo, kama haujaonekana kuenea, wanaopona ni kama 6 au 7 kati ya 10.

Kwa kawaida hupewa methotrexeti ya dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini kwa takriban wiki 10, halafu upasuaji, halafu dawa tena. Uvimbe usipopungua msikate tamaa: osteosakoma hutengeneza mfupa, na mfupa huo hubaki hata seli zikifa. Jibu la kweli hutoka maabara baada ya upasuaji. Seli zilizokufa zikifika asilimia 90, dawa imefanya kazi vizuri.

Methotrexeti hiyo ingekuwa sumu bila dawa ya kuizima, folinati, inayoanza saa 24 baada ya dripu kuanza na kuendelea hadi kiwango cha methotrexeti kwenye damu kishuke. Maji mengi hupitishwa kwenye mshipa na mkojo huzuiwa usiwe na asidi, ili dawa isigande kwenye figo. Siku hizo asimeze ibuprofeni, diklofenaki wala kotrimoksazoli bila ruhusa. Huzuia dawa kutoka mwilini au huongeza ukali wake.

Akiwa nyumbani, joto likifika nyuzi 38 aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kinga yake huwa chini kabisa kati ya wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi, na maambukizi huweza kuua kwa saa chache. Msimpe parasetamoli ya kushusha homa mkasubiri asubuhi. Akisikia mlio masikioni aseme mapema, kwani sisplatini huharibu usikivu. Suala la uzazi nalo lizungumzwe kabla ya dozi ya kwanza.

Lazima mguu ukatwe?

Kwa wengi, hapana. Kipande chenye saratani huondolewa pamoja na tabaka la nyama nzima kukizunguka, kisha huwekwa kiungo bandia cha chuma au mfupa wa kupandikiza. Mguu hukatwa pale saratani inapokuwa imezingira mishipa mikubwa ya damu na fahamu, au kidonda kimeoza. Usalama wa maisha haupishani sana kati ya njia hizi mbili ikiwa ukingo wa kipande kilichoondolewa hauna saratani, kwa hiyo anayekatwa hajapewa matibabu duni. Chuma kina shida zake: maambukizi, kulegea, upasuaji wa kurudia. Mtoto huhitaji kiungo kinachorefushwa kadiri anavyokua.

Nina miaka 52, nina kondrosakoma. Mbona sipewi kemo?

Kondrosakoma ya kawaida ni saratani ya mfupa inayotengeneza gegedu (mfupa laini); mara nyingi huota polepole na haisikii kemo, na mionzi huisaidia kidogo tu. Upasuaji ndio tiba.

Nilitibiwa saratani ya titi. Sasa imeonekana kwenye uti wa mgongo. Ni saratani mpya?

Kwa kawaida ni ile ile ya titi iliyohamia mfupani, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Mionzi hupunguza maumivu, wakati mwingine kwa dozi moja tu, ingawa nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Kabla ya sindano za kuimarisha mfupa, muone daktari wa meno, kwani kung'oa jino baadaye huweza kuharibu taya. Miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo ukishindwa kutoka au kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uti ukibanwa, kila saa ina thamani.

Nimemaliza matibabu ya osteosakoma. Nichunguzwe nini?

Kifua na mguu, karibu kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Doa likionekana pafuni, mara nyingi huweza kukatwa, na wapo wanaopona hata hapo. Omba karatasi yenye jumla ya doksorubisini uliyopewa na uitunze maisha yote. Dawa hiyo huweza kudhoofisha moyo, hivyo daktari wa moyo ataihitaji hata baada ya miaka 20.